Nani Anawafungulia Punda

Jumatatu, 6 Julai 1992
Baridi. Nimekunywa uji, nikaenda zizini. Punda wote wanne hawapo. Nimewakuta barabarani, hapa hapa Pito, wamesimama katikati kama wanasubiri abiria. Tangu biashara ya mahindi iachiwe watu binafsi, malori hayapunguzi mwendo. Utingo mmoja kachungulia: "Mzee, paki punda wako pembeni!" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 8 Julai
Tena. Lori limewakwepa, likaingia mtaroni. Dereva kaumia mkono. Mwenyekiti wa kijiji amesema wazi: wakionekana barabarani mara nyingine, nihame na mifugo yangu. Nina miaka sitini na nane. Nimehamishwa mara mbili. Ya tatu siitaki.

Ijumaa, 10 Julai
Namshuku jirani, Mzee Deo. Punda walimlia ulezi mwaka juzi. Leo kanisalimu vizuri mno, kaniulizia na magoti. Wema wa ghafla. Kabula, mke wangu, anasema namwonea. Kwa nini anamtetea?

Jumapili, 12 Julai
Dirishani na kitabu. Ukurasa mmoja asubuhi nzima. Deo na familia yake walipita kwenda misa. Nikahesabu vichwa, asije akabaki mmoja. Aibu, lakini nilihesabu.

Jumatatu, 13 Julai
Wametoka. Nimewawahi kabla hawajafika barabarani. Safari hii nimekagua kamba ya lango la zizi kabla ya kuigusa. Aliyewatoa alifunga lango tena. Fundo ni la kwetu Shinyanga, ncha inapita chini mara mbili. Hapa Pito tunaolijua ni wawili. Mimi na Kabula.

Jumanne, 14 Julai
Nimemuuliza. Hakukana. Ndugu zake wote wako Milepa, bondeni Rukwa, na ng'ombe wao. Miaka sita ananiomba twende, nami nasema tutaona. Alitaka tufukuzwe.
"Baba Masanja, wewe una vitabu. Mimi hapa nina nani?"
Nikamwambia yule dereva angekufa. Akalia. Nina hasira. Na sikumbuki lini nilimuuliza anachotaka yeye.

Alhamisi, 16 Julai
Nimemwambia mwenyekiti kosa ni la nyumbani kwangu, na tunahamia Milepa. Hakuuliza zaidi. Kisha kwa Deo, kumwomba radhi. Kumbe naye alidhani nawaachia makusudi, wamalizie ulezi wake. Tumecheka kidogo. Kanipa kigoda, tukakaa.
Kabula anafunga vyombo. Anasema bondeni kuna joto, nitalala bila koti. Huenda.