Siku Vyura Walipouhama Mto

Nyuma ya kiwanda cha nguo,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. U hali gani huko? Wifi na watoto hawajambo? Kifua chako je, kimetulia? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, na ulimi wake bado mkali vilevile.

Kazi ninayo, kulekule kwenye kutia vitambaa rangi. Usidhani nakilaani kiwanda. Kila nyumba hapa mtaani ina mtu anayeingia lango lile, na mkono unakwenda kinywani. Ila mto wetu usingeutambua. Asubuhi ulikuwa mwekundu, mchana bluu, kutegemea tulitia rangi gani. Ndege hawatui tena. Na maji ya kisima chetu cha ukingoni yameanza kuwa na ladha ya chuma.

Mwezi uliopita, jua likiwa la utosi, vyura walitoka mtoni. Si wawili watatu, kaka; ukingo mzima ulikuwa unatembea. Walipita chini ya lango, wakaingia ukumbi wa mashine, wakatokea mlango wa pili kuelekea kilimani. Hakuna hata mmoja aliyelia. Na migongo yao ilikuwa na wekundu uleule niliouchanganya mwenyewe asubuhi.

Shemeji yako, si unajua ndiye fundi wa boila, alizima mitambo bila kuagizwa. Meneja akaja mbio.

"Wafagieni, kazi iendelee!"

Hakuna aliyegusa ufagio. Ulimi ukanitangulia: "Bosi, hawa wanayakimbia maji tunayokunywa."

"Kwa hiyo nifunge kiwanda? Mle nini?"

"Usifunge. Kazi tunaitaka, na maji tunayataka."

Alitaka kunijibu, lakini chura mmoja alikuwa amempanda kiatuni, ametulia tuli, anamtazama. Bosi hakusogeza mguu. Alisubiri mpaka yule akashuka mwenyewe.

Tuligoma, tukavutana naye, mwishowe akakubali. Kitengo cha rangi kilisimama, tukachimba wenyewe mabwawa ya kuchujia maji machafu. Viganja vimejaa malengelenge. Juzi mitambo iliwashwa tena, na maji yaliyoingia mtoni yalikuwa maangavu. Watu walipiga vigelegele hadi sauti zikakauka.

Lakini vyura hawajarudi, na jioni ukimya wa mto unatisha kuliko kelele. Jana mama alisimama mlangoni ghafla. "Zimeni redio. Kuna mmoja amelia." Tukazima. Hatukusikia kitu. Mama yeye alikuwa akiitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepewa maagizo. Kisha akageuka: "Kisima bado. Msinywe."

Sikubisha. Nimekifunika kwa bati na mawe, na sasa tunateka kwa shangazi kule juu kilimani.

Shangazi anakusalimu sana, na shemeji yako pia. Mbusu kitinda mimba wenu kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa ulinzi wake, muamkapo na mlalapo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa dhati,
Kifungua Mdomo (ndivyo wanavyoniita kazini siku hizi)