Baba Mkwe Akikohoa

Jumatatu, 7 Februari 1977
Nimechelewa kazini. Sababu ni stovu. Niliizima, nikafunga mlango, nikarudi kuangalia. Mara saba! Mimba ya miezi sita na miguu imevimba. Bosi nimemwambia nilikuwa kliniki. Juzi nchi imezaa chama kipya, ofisini ndiyo habari, hakuna aliyenisikiliza.

Jumapili, 20 Machi
Mikono imepasuka kwa sabuni ya mche. Mama mkwe kaiona, kawaambia majirani kuwa mkamwana wake ni msafi kuliko wauguzi. Wakanisifu. Nikaenda kunawa tena. Naogopa kuna kitu kitaingia kwangu kimdhuru mtoto. Kitu gani? Sijui. Ningejua labda ningepumzika.

Jumanne, 24 Mei
Alizaliwa tarehe tano. Wa kiume, kilo tatu na robo. Anaitwa Alinanuswe. Jina kachagua baba mkwe. La kwake mwenyewe siliandiki hata humu, mkamwana halitaji jina la mkwe — mwiko ni mwiko.
Habari ya kunawa imepungua. Sasa ni picha za kichwani. Namenya ndizi, mtoto amelala mkekani, picha inakuja: kisu hiki, mtoto huyu. Sitaki! Nampenda mpaka kifua kinauma. Nikakitupa kisu nyuma ya debe la maji, nikaenda kukaa chumbani.

Ijumaa, 10 Juni
Nimepata mbinu. Kwetu Unyakyusa mke hamwoni baba mkwe. Mzee akitoka nyumba ya mbele anakohoa, mimi nakimbilia chumbani mpaka apite. Mchungaji anasema hayo ni ya zamani. Mama mkwe ni Mmoravian wa kiti cha mbele na bado anayashika.
Basi sasa nakimbia hata asipokohoa. "Nimemsikia baba," nasema, namkabidhi mama mkwe mtoto, kisu nakiacha hapo. Ndizi anamenya yeye. Leo kamwambia Yohane, mume wangu, kwamba hapa ameoa kweli, wasichana wa hapa Ilomba wameacha heshima lakini huyu wake anasikia hadi kikohozi ambacho hakijakoholewa. Yohane kafurahi sana. Mimi nikaendelea kula.
Siku ya nne sasa simshiki mtoto ila kumnyonyesha, tena kisu kiwe chumba kingine.
Siwezi kusema. Nikisema watanipeleka Mirembe, kwa vichaa, Dodoma huko. Mtoto atabaki kwa bibi yake. Nimemwandikia Kalista tu. Tulisoma naye, sasa ni muuguzi hospitali ya misheni Tosamaganga. Barua ndefu ya salamu, na mwishoni: siku hizi sishiki visu.

Jumamosi, 25 Juni
Majibu. Mstari mmoja! "Njoo na mtoto, ukija peke yako nakurudisha."
Nyumbani nimesema mtoto wa Kalista anabatizwa. Kalista hana mtoto.

Jumatano, 29 Juni. Iringa
Basi siku nzima. Kalista kanipokea stendi jana, tukapanda lori la misheni.
Daktari ni mgeni, Kiswahili chake cha kwenye misa. "Binti, sema yaliyo moyoni." Nikayasema yote nikiangalia viatu vyake. Nikangoja aite polisi. Akauliza kama picha ile naipenda. Nilikasirika nikalia — nani angeipenda! Akasema basi, hilo ndilo jibu. Mtu mwenye nia hiyo hahangaiki kuficha visu. Ni ugonjwa, una jina refu, huwapata wajawazito na wanaonyonyesha wengi tu, nao huficha kama mimi. Mirembe nimeitaja mwenyewe. Akatikisa kichwa.
Dawa ndiyo imenichosha. Nifanye kile ninachokikimbia! Mtoto mgongoni, kisu mkononi, nimenye. Picha ije, ikae, ijiondokee. Nisikimbie, nisimpe mtu mtoto. Na nyumbani ajue mtu mmoja.
Tumeanzia jikoni kwa Kalista. Viazi vitatu. Cha kwanza nilikimenya nusu saa nzima. Kalista anasoma gazeti!

Jumatatu, 4 Julai
Nimerudi, nimemwambia Yohane. Baadaye kakusanya visu vyote, kavifungia kabatini, ufunguo mfukoni. Kwa upendo kabisa. Nikamweleza kwamba dawa ni kinyume chake. Akasema mambo haya yamemzidi, ataongea na baba yake.
Na baba yake! Sasa mtoto nimempoteza.

Alhamisi, 7 Julai. Sabasaba
Yohane yuko kwenye maandamano, mama mkwe kaenda maonyesho. Alitaka kumchukua mtoto. Mzee kamkatalia, nilisikia kupitia ukutani: mtoto abaki kwa mama yake.
Saa tano kikohozi. Nikainuka nikimbie, Alinanuswe mgongoni. Hakupita. Kasimama mlangoni, kitu kikagonga kizingiti. Halafu sauti. Haruhusiwi kunisemesha mimi, kwa hiyo kamsemesha mjukuu.
"Wewe mtoto, mwambie mama yako wote wameenda Sabasaba, babu nina njaa. Ndizi hizi hapa. Kisu ni changu mwenyewe, nimekinoa. Nakaa hapa nje, nimegeukia barabarani, simwoni. Nitakohoa sana leo, kifua hiki cha uzee. Mwambie asikimbie."
Nikachungulia. Mkungu mdogo, kisu juu yake. Mgongo wa baba mkwe, koti la zamani. Miaka miwili katika ua mmoja, leo ndiyo mara ya kwanza kumwona.
Ndizi nne nimemenya. Picha imekuja kwenye ya kwanza, ikakaa. Iko mpaka sasa. Kalamu nimeishika kwa sababu nilitaka kukimbia na daftari ndilo lililokuwa karibu. Kumbe kuandika nako ni kukimbia.
Mtoto amelala, namsikia anavyopumua shingoni kwangu. Mzee kakohoa tena. Sijaondoka. Zimebaki ndizi sita, na maji yanachemka. Kalamu naiweka chini.