Makala Inayonukuliwa Kuliko Zote

Jumatatu, 13 Januari 2025

Makala yangu kuhusu Bi M., mgonjwa wangu aliyefiwa na mtoto akapoteza sauti, imefikisha nukuu mia tatu. Profesa Heshmi, mkuu wa idara, alikuja mwenyewe kunipa habari — kana kwamba siangalii kila asubuhi! Makala zangu nyingine zote, ukizijumlisha, hazifiki sitini. Huyo mgonjwa wako ndiye atakayekupa uprofesa, Emna, akasema akicheka. Kamati inakaa Jumatatu ijayo. Nilijaribu kufurahi. Wapi.

Jumatano, 15 Januari

Kamati inataka nieleze wanaoninukuu wamejifunza nini kwangu. Basi nimewasoma. Watafiti wa Lyon wanaandika: mama wa kwetu akifiwa na mtoto wa kiume hupoteza sauti. Ushahidi — mimi! Wengine wamejenga nadharia nzima juu yake: mrithi, jina la ukoo, sijui nini.

Bi M. hakufiwa na mvulana. Alifiwa na binti. Nilibadilisha ili majirani wa hapa Sfax wasimtambue. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo sote tunavyofanya: badilisha kazi, mtaa, jinsia. Chini kuna mstari wa herufi ndogo unaosema maelezo yamebadilishwa. Nani husoma herufi ndogo?

Ningepaswa kushtuka. Nikafunga kompyuta, nikaenda kununua mkate.

Ijumaa, 17 Januari

Nilimwambia Heshmi nataka kuliandikia jarida lililochapisha makala, warekebishe. Akanikodolea macho. Ukisema ni binti, akasema, mtaa mzima utamjua mama yake. Utatoa siri ya mgonjwa ili wewe ulale vizuri? Na Jumatatu je? Yote kweli. Iliniuma kidogo tu, kama jino lililopigwa ganzi.

Labda mwenyewe akiridhia, akasema mwishoni, akidhani sitathubutu kwenda kumuuliza.

Jumamosi, 18 Januari

Nimekwenda.

Bi Mabruka — ndiye Bi M. — alikuwa jikoni, anapika kuskusi ya samaki. Anaongea vizuri siku hizi, hata anatania. "Umekonda, daktari! Hao wagonjwa wanakula chakula chako?" Alijua tangu zamani kwamba nimemwandika, aliweka sahihi. Akauliza ni watu wangapi wamesoma. Wengi, nikamwambia. Ulaya, Amerika. Uso ukamng'aa.

"Kwa hiyo kule wanamjua Hayet wangu?"

Nikamweleza. Kwamba nimeandika mvulana. Kwamba ilikuwa kumsitiri.

Mwiko ukasimama sufuriani.

"Alipokufa, baba yake alimshukuru Mungu kwamba si Walid, kaka yake. Msibani wakaniambia nyamaza mama, kijana wako yupo. Basi nikanyamaza. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza mwanangu alikuwa anaitwa nani." Akanitazama. "Kumbe na wewe, daktari?"

Nikamuuliza kama anaridhia nirekebishe.

"Andika Hayet," akasema. "Wakinijua, wanijue."

Akanipakulia. Nikala yote, sikusikia ladha yoyote. Naona haya. Najua ni haya, ila ipo mbali.

Jumatatu, 20 Januari

Kamati imeanza saa nne. Nimeketi kwenye benchi nje ya ukumbi. Barua ya jarida nimeiandika usiku, iko kwenye simu. Binti. Umri wake. Jina lake, kama mama alivyotaka. Na kwamba mama hakunyamazishwa na kufiwa na mrithi. Alinyamazishwa na watu walioona hana cha kulilia. Nikiituma, zile nukuu mia tatu zitakuwa zinanukuu kitu ambacho hakikutokea. Na kamati haina kingine cha kunipimia.

Heshmi ametoka sasa hivi, anatabasamu hadi masikioni. Wameipenda makala! Mwenyekiti ameisoma mara mbili, karibu alie. Kumbe naye alimzika mwanawe wa kiume mwaka juzi. Hana maswali ya kitaalamu. Anataka tu nimsimulie kidogo kuhusu yule kijana.

"Haya, dada, mzee anakusubiri!" Heshmi ananihimiza.

Nimesema nakuja. Mlango uko wazi, nawaona wanasogeza kiti. Barua sijaituma. Sijui nitaingia na mtoto yupi.