Kiwanja Ambacho Baba Alikunyima, Severina

Mwaka umetimia, Severina Leonidas Chilongani, tangu asubuhi ile ya tarehe 14 Novemba ulipotutoka hospitalini Dodoma. Ulikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Tunakukumbuka ukiingia nyumbani Kintinku na begi lako la vipimajoto, mtafiti wa chuo kikuu, na muda si muda uko jikoni kwa mama unasonga ugali wa uwele na kuuliza mlenda uko wapi. Kwa bibi hukupeleka Kiswahili cha darasani. Mlicheka kwa Kigogo hadi mbavu zikauma. Hukumpita mzee bila shikamoo, hata ukiwa unawahi basi.

Kazi yako ilikuwa kutafuta namna vitunguu vikae bila kuoza vikisubiri lori: banda la fito, lenye feni zinazozungushwa na umeme wa jua. Ulimwomba baba kiwanja cha kulijaribia, pale kando ya nyumba. Baba ametaka jibu lake liandikwe hapa kama lilivyokuwa. Alikuambia mbele ya wenzako wa chuo, "Nimelima vitunguu wewe hujazaliwa. Leo ndiyo uje unifundishe kuvitunza?"

"Sawa, baba," ukasema. Hukununa. Banda ukalijenga kwa jirani yetu, Mama Nasma.

Masika yaliyofuata maji yakakata barabara, lori halikufika kwa wiki tano. Vitunguu vya baba, vilivyorundikwa chini ya turubai, vikaanza kuchuruza maji. Vya Mama Nasma vilitoka vikavu, maganda yakichakarika mkononi. Ulikuja kutoka Dodoma, ukafunga kanga, ukakaa na baba siku mbili mkichambua vilivyooza. Hukulitaja banda hata mara moja.

Baba alijua amekosea. Siku ya pili neno la kukuomba radhi lilimfika mdomoni, lakini akaishia kukuambia, "Nawa mikono, ukale." Miezi ikapita, naye akijipa moyo kwamba atakuambia ukija Krismasi. Homa ikamtangulia. Alipofika wodini ulikuwa huitiki tena. Alikuomba radhi hivyo hivyo, mara tatu, mama akiwa amekushika miguu. Hatujui kama ulisikia.

Agosti mwaka huu mwenzako wa utafiti, Gaspari, alikuja na mafundi wakajenga banda la pili, safari hii kwa baba, pale pale ulipopaomba. Siku ya kulifungua watu walijaa. Gaspari akamwomba baba aseme machache. Alisimama, akavua kofia.

"Mnanipongeza bure," alisema. "Mwanangu aliniomba hapa, nikamnyima. Hakunijibu vibaya, na mimi sikumwomba radhi mapema, nikidhani siku bado zipo. Wenye watoto, msifanye kama mimi."

Akakaa. Mama Nasma alimsogelea akaketi karibu naye, na watu wakaanza kuingiza magunia.

Unakumbukwa na baba yako Leonidas, mama yako Winfrida, bibi yako, kaka zako Chediel na Bonaventura, Mama Nasma, na wenzako wa chuo. Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi saa mbili asubuhi, kanisani Kintinku.

Pumzika, mwanetu. Maadamu tunaishi, hatutakusahau.