Mashine ya Moshi Jikoni kwa Bibi

3 Machi

Mume wangu,

Hujambo huko kambini? Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri kila nikiinama. Mashine yako ya kufukizia nyama imefika bila mkwaruzo. Tumeiweka barazani mimi na Fundi, yule mshonaji aliyepanga chumba cha pili. Kwa nje ni kabati tu, lakini ukiichomeka kwenye umeme na kutia vipande vya mti kwenye kisanduku chake, inatoa moshi kama mzee mwenye kiko.

Mwanzo niliharibu. Nilinunua nyama ya paja isiyo na mafuta hata chembe, ikatoka kavu kama soli. Muuza nyama akanicheka. Akasema nyama ya moshi haitaki haraka, wala haitaki uibanie mafuta, akanikatia kidari cha ng'ombe. Nikakisugua chumvi na pilipili manga, nikakiacha kwenye moshi mdogo tangu asubuhi hadi alasiri. Nje cheusi, ndani kinachanika kwa vidole! Bega la mbuzi nalo linakubali. Kuku nachukua mapaja tu, kidari chake kinakauka.

Majirani wamenusa, wanabisha hodi. Mkeo sasa ana biashara.

Bibi yako


9 Machi

Bibi, mke wangu, shikamoo.

Mimi sijambo. Kazi ya kuvuta nyaya inaendelea, na simu huku ni mzigo tu wa mfukoni, hazishiki mtandao. Barua yako imekuja na gari la vyakula, nimeisoma mara mbili nikiwa na njaa, nikajuta.

Mapaja ya kuku hakikisha yameiva mpaka kwenye mfupa. Usifungue mlango wa mashine kila dakika kuchungulia, joto linakimbia. Na zaidi ya yote, iepushe na mvua. Mimi ni fundi umeme, nimeona maji yanavyomtenda mtu. Mvua zikianza, usiiache mahali inaponyeshewa.

Msalimie Fundi.

Mjukuu wako


18 Machi

Mume wangu,

Habari za huko? Huku mvua inanyesha kwa ubavu, baraza yote imelowa. Nimeshika neno lako. Mashine nimeihamishia jikoni, imekaa pakavu, nimefunga dirisha na mlango ili maji yasiingie. Moshi si mwingi, macho yanawasha kidogo tu.

Habari nyingine ni ya Fundi. Wiki hii kila asubuhi kichwa kinamgonga, na juzi ametapika. Unajua ukuta wa chumba chake na jiko haufiki juu, nasikia kila kitu. Nikamwambia mbele ya majirani, "Mwenzangu, hiyo ni mimba." Amenuna, hasemi nami. Lakini na mimi kichwa kinaniuma nikikaa jikoni, na miguu inakuwa ya pamba. Sasa mimi nimebeba mimba ya nani, na wewe uko mbali?

Mwenye duka ameagiza mabega manne ya mbuzi kwa sherehe ya binti yake, Jumamosi ya tarehe 29. Nitawasha alfajiri na kukaa humo humo jikoni siku nzima, nisije nikayaunguza.

Bibi yako


24 Machi

Bibi,

Nisamehe, leo sina utani. Toa mashine nje kabla hujamaliza kusoma. Zima, chomoa, fungua dirisha na milango yote.

Fundi haumwi mimba. Vipande vya mti vikiungua polepole vinatoa hewa ya sumu. Moshi unauona, lakini hiyo hewa haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa, kutapika, miguu kulegea, kisha usingizi, na usingizi huo watu hawaamki. Nilikwambia uiepushe na mvua, sikukwambia usiiingize ndani. Haikunipitia akilini kabisa.

Mwambie Fundi asilale chumba kile. Gari linaondoka kesho, barua itakufikia Ijumaa ikiwa barabara haijakatika. Nijibu hata mstari mmoja.

Mjukuu wako


28 Machi

Bibi,

Gari limerudi na mfuko wa barua kama ulivyoondoka. Daraja limechukuliwa na maji. Barua yangu ninayo mkononi.

Nimeomba kuondoka, msimamizi amekataa, anasema hapeleki mtu kwenye maji yale. Mpimaji wa barabara atajaribu kupita juu mlimani kwa miguu, nampa barua zote mbili. Kesho ndiyo Jumamosi. Naandika, na sijui kama kuna wa kusoma.

Mjukuu wako


2 Aprili

Mwanangu,

Niko hai. Nimeanza na hilo ili uvute pumzi.

Mpimaji amenikuta hospitali leo asubuhi. Nimezisoma zote mbili hapa kando ya kitanda cha Fundi.

Jumamosi niliwasha alfajiri kama nilivyosema. Nakumbuka nilisikia cherehani ya Fundi ng'ambo ya ukuta, kisha ikanyamaza. Nikadhani bado amenuna. Nikaketi kwenye kigoda nipumzishe kichwa, basi. Mwenye duka alikuja kuuliza nyama, akabisha, kimya. Akavunja mlango. Mimi nilikuwa sakafuni, Fundi ameinamia nguo aliyokuwa akishona.

Mimi niliamka siku ya pili. Yeye hajaamka.

Mama yake amekuja. Tangu amefika ananishika mkono, ananipa pole, ananiuliza mwanawe alikula nini. Nilikuwa sijui kilichotupata. Leo nimejua. Niliogopa, mwanangu, kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikamwambia kila kitu: mashine, dirisha, kichwa chake nilichokifanyia mzaha mbele ya majirani.

Nikawa nangoja anifukuze. Kisha akainuka, akanisogezea kiti chake.

Akasema, "Macho yamechoka. Nataka nijinyooshe kidogo. Wewe mwangalie anavyopumua."

Ndipo nilipo sasa. Mama yake amejilaza chini kwenye mkeka. Nakuandikia mstari, naangalia kifua cha Fundi, kinapanda, kinashuka, ndipo naandika mwingine. Pengine kinakawia, na mimi nakawia nacho. Daktari anasema hawezi kuniahidi.

Sijaifunga barua. Nimeiacha wazi tangu mchana, kwa kuwa naogopa kuinua macho kutafuta bahasha.

Mwanangu, amegeuza kichwa. Ameomba maji. Nimemwamsha mama yake.

Maji yakipungua huko, njoo.

Bibi yako