Tuzo Yetu Iko Kwenye Dagaa

Jumamosi

Eti "ubunifu unaoheshimu mwamba"! Ndivyo majaji walivyosema walipotupatia tuzo, mimi na Neema, ofisi nzima watu wawili, kwa ile nyumba ya Buswelu yenye jiwe kubwa uani. Nilitabasamu kama mjinga. Mafundi walilichoma moto wiki nzima lipasuke, likagoma, ndipo tukachora nyumba upya kulizunguka.

Leo nimempelekea mama mwenye nyumba hiyo tuzo aione.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho chuma ni kizito?"

"Kizito sana," nikajibu kwa majivuno.

Akakichukua, akakandamizia wavu aliofunikia dagaa, pale pale juu ya jiwe.

Nimemwomba anirudishie. "Dagaa wakikauka," amesema.

Keshokutwa mpiga picha wa gazeti anakuja ofisini kuipiga picha tuzo, na mawingu yametanda ziwani.