Sufuria ya Mama Uliyokaangia Korosho

Mjimwema,
Songea.

Kaka Rashidi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Shikamoo nimeiandika kwa sababu Mama amekaa hapa kwenye mkeka ananiangalia, na amesema barua isiyo na shikamoo haitoki nyumbani kwangu. Marahaba itikia huko huko. Mimi mzima. Shemeji yako Bakari mzima pia, yuko safarini na lori la watu. Natumaini hapo Namasakata hamjambo, wewe, wifi na watoto, na kwamba mikorosho imechanua vizuri. Kama kuna mafua au mguu unakuuma, pole. Adabu yangu imeishia hapo.

Ninatumia karatasi kwa sababu simu unaikata. Wiki nzima nimepiga. Usipoikata, unampa mtoto aseme baba yuko shamba, nami namsikia baba akimnong'oneza maneno ya kusema. Karatasi haikatwi. Konda wa basi ni mtu wa kwetu, nimemwomba akukabidhi mkononi, na asiondoke mpaka aone umeifungua.

Kuhusu Mama, ambaye hujamuulizia: homa iliyomleta hapa baada ya Idi imekwisha, alhamdulillahi, lakini hamu ya chakula haikurudi. Daktari alisema wazi mbele yake kwamba asipokula, dawa ni kazi bure. Nikipika ugali anamega matonge mawili, anasukuma sahani. Wali hataki. Dagaa wa Nyasa, ambao hapa watu wanawagombania sokoni, anasema wananuka ziwa. Amekonda mpaka magauni yake yote nimeyapunguza ubavuni, na mara ya pili nilipoyapunguza nililia huku nakanyaga cherehani. Hayo ungeyajua kama ungekuja hata mara moja. Tunduru na Songea ni basi moja tu, kaka. Hakuna bahari hapo katikati.

Siku moja asubuhi akasema, "Ningepata mkate wangu, ningekula."

Unaujua mkate wake. Ule wa sufuria, wa sikukuu, unga wa ngano na hamira na iliki na tui la nazi, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Tulikuwa tunapigania ganda la pembeni. Sasa nani angempikia? Mimi sikuwahi kujifunza, na unajua sababu. Umri wa kukaa jikoni na Mama ulipofika mlinipeleka Masasi kwa shangazi nikajifunze cherehani, na wewe ulikuwa wa kwanza kusema mkono wa fundi haufi njaa. Ni kweli. Leo nakata suti kwa kumtazama mtu mabega. Lakini unga wa ngano nilikuwa naufahamu kwa jina tu, kama mtu wa mtaa wa pili.

Nikaanza. Mama akiwa amelala kwenye mkeka mlangoni mwa jiko, ananielekeza, nami nakanda. Nikamuuliza unga uumuke kwa muda gani. Akasema, kutoka adhuhuri mpaka alasiri, kama siku zote. Nikafunika, nikangoja, na adhana ya alasiri ilipolia nikaupika. Kilichotoka kilikuwa kigumu na bapa. Bakari alikitia kwenye chai, akakingoja kilainike, kisha akaniuliza kama tuna shoka. Sikucheka. Mara ya pili nikasema hamira ilikuwa chache, nikamimina pakiti nzima. Mkate ukawa mchungu, ukanuka pombe, nikaumwaga kabla Mama hajauona.

Aliyenitoa gizani ni jirani yangu, Mama Editha, Mngoni wa hapa hapa, mama wa kanisani. Aliingia kuchukua sketi yake, akainua kitambaa, akautazama unga wangu.

"Dada, hapa siyo Tunduru," akasema. "Mwezi wa saba huu. Wewe mwenyewe umevaa sweta, unga umeuacha uchi. Ufunike blanketi, uuweke jirani na jiko, halafu usiangalie saa. Uangalie wenyewe."

Basi mimi na Mama, watu wa joto, tulikuwa tunaupimia unga wa Songea kwa adhana ya Namasakata. Nikachukua blanketi la Bakari, nikauviringisha. Uliumuka, kaka, mpaka ukasukuma kitambaa. Ila nikaukosea moto, ukaungua chini na juu ukabaki mbichi. Mama alipouona alicheka. Kicheko cha kwanza tangu aje. Akasema, "Moto wa mkate unakaa juu, wa chini ni wa kusalimia tu. Wewe unapika au unachoma tofali?" Kisha akashika sufuria yangu, akaipima kwa mkono, akasema hii ni nyepesi kama kopo, ndiyo inayounguza. "Mwambie Rashidi aniletee yangu."

Nikakupigia, na siku hizo ulikuwa unapokea. Sufuria ikaja na basi siku ya tatu, imesuguliwa majivu nje mpaka inang'aa. Nilisema kwa sauti, mbele ya Mama Editha, kwamba kaka yangu hana mfano. Maneno hayo nayataka yarudi.

Nikakanda, nikafunika blanketi, nikangoja. Nikatia moto wa kusalimia chini, nikapalia makaa juu. Mara harufu ikaja, kidogo, kali, ya kukereketa koo. Ninajichukia kwa hili: mimi niliyezaliwa chini ya mikorosho nilisimama juu ya jiko nikadhani ni hamira. Miaka niliyokaa Songea imenitoa hata pua. Nikauepua mkate, umeiva vizuri, umepanda, rangi ya kahawia pande zote. Nikautazama kama mtoto wangu. Nikamkatia Mama ganda la pembeni, kwa sababu ndilo tulilokuwa tunapigania, nikampelekea kwa mikono miwili.

Alitafuna mara mbili. Akaacha kutafuna. Akautoa mdomoni, akautemea kiganjani, akauangalia.

"Nani kakaangia korosho sufuria yangu?" akasema.

Nilipomtazama, midomo ilikuwa imeshaanza kuwa myekundu. Jioni ilikuwa imevimba, na ulimi umetoka malengelenge. Huna haja ya kuelezwa mafuta ya ganda la korosho yanafanya nini kwenye ngozi. Vidole vyako vimebabuka kila msimu tangu ukiwa mdogo. Sasa yafikirie kwenye kinywa cha mwanamke mzee aliyekuwa hajala. Siku nne hakupitisha kitu ila uji uliopoa, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko alifumba macho. Mimi ndiye niliyempa kwa mkono wangu, kaka. Mikono miwili.

Na hapo ndipo aliponichoma zaidi. Alipoona uso wangu alibadilisha maneno. "Aa, nimekumbuka. Ni mimi mwenyewe, niliikaangia msimu uliopita. Uzee."

Mama? Mama aliyenichapa kwa kuichemshia maji ya kuoga sufuria hiyo? Asiyekubali hata pilau ya harusi ipikwe humo? Nilimwambia, "Mama, unamkinga Rashidi." Akageukia ukutani.

Nikampigia wifi. Wifi hana makosa, usimguse wala usimkaripie, maana nilimlazimisha. Alisema karai lilitoboka Mama akiwa ameshakuja huku, ukachukua sufuria yake, ukakaangia humo korosho za msimu zilizobaki mpaka zikaisha. Hilo peke yake ningelimeza. Karai hutoboka. Lakini akasema alikuonya usiitume bila kuniambia, nawe ukajibu, "Somoe ataiosha." Ukasugua nje kunakoonekana. Ndani, kunakoliwa, ukaniachia mimi, bila kuniambia kuna nini. Neno moja tu kwenye simu, kaka. "Nilikaangia korosho." Ningechemsha, ningesugua, au ningeitupa mtoni, na Mama angekula mkate wake. Uliona aibu ya dakika moja, ukaona afadhali Mama aungue.

Kwetu kaka ndiye mwenye mbumba. Dada zake na mama yake wako chini ya mkono wake, wakiumwa anaulizwa yeye. Nani alikufundisha kwamba mwenye mbumba anakaa kimya? Tangu Mama aje hapa nauguza mimi, nakanda mimi, nakesha na hasira mimi, nawe una cheo. Nina hasira mpaka mshono unaenda upande. Juzi nimeharibu koti la mteja kwa ajili yako.

Sasa sikiliza lililotokea jana. Midomo yake imepona. Asubuhi akaniambia mwenyewe, "Kanda." Nikakanda. Nikatumia sufuria yangu nyepesi, nikatandika mchanga safi chini ndani ya sufuria kubwa nyingine, nikaidumbukiza ili moto usiiguse moja kwa moja. Hiyo niliigundua mwenyewe, hakuna aliyenielekeza. Ulitoka, kaka. Siyo kama wake, umepinda upande mmoja kama kofia ya mlevi, lakini umeiva, na ndani ni mwepesi. Alinusa kwanza. Muda mrefu alinusa. Mama yangu ananusa chakula ninachompa, kumbuka hilo ukienda kulala. Kisha akala. Akala kipande, akaomba cha pili, akanywa na chai kikombe kizima. Nikatoka nje nikajifanya naanika nguo.

Niliporudi alikuwa ameukata uliobaki, ameufunga kwenye upande wa kanga yake, ile ya zambarau. "Hii ya Rashidi," akasema. "Atakuwa hajala mkate tangu niondoke."

Nilikataa. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Weka na barua."

Basi umo humo kwenye mfuko. Ni nusu ya chakula cha mtu aliyekuwa hali. Uule mbele ya wifi, na konda akiwa bado amesimama, maana nimemwambia aje anisimulie umekulaje.

Wifi yangu mpe salamu, mwambie namheshimu kuliko mumewe. Mjomba Athumani anayeadhini msikitini, shikamoo yake, Mama anaomba dua yake ya Ijumaa. Mama mdogo wa maandazi mwambie sasa nami najua hamira, na siku tukionana tutashindana. Watoto wabusu wote, hasa yule unayemtuma kusema uongo kwenye simu. Hana kosa.

Mimi sijakusamehe. Mama amekusamehe kabla hujaomba, na linaloniudhi ni kwamba hata hakuona kazi. Sufuria sikurudishii. Nilitaka kuitupa, amekataa, anasema ikichemshwa na magadi siku tatu na kusuguliwa kwa mchanga itarudi kuwa yake. Magadi nimenunua. Mchanga upo. Sufuria nimeifudikiza nje karibu na mlango, na hakuna mkono utakaoigusa ila wako. Njoo uisugue ndani, Mama akiwa amekaa hapo kwenye mkeka anakutazama, na kila ukiinua kichwa akuulize kama umekula.

Mimi dada yako,
Somoe,
mwoka mkate.